Meno ya Kahawia na Ganda la Kauri

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la sayansi kwa ajili ya muhula huu, nami nimeona heri nijibu swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kwa macho tu, wala hawathubutu kulitamka. Nikicheka mbele ya darasa, wao huona kwamba meno yangu sita ya juu ni meupe, na ya chini ni ya rangi ya kahawia, yenye vishimo vishimo. Mwaka jana kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alijipa moyo akaniuliza, "Samahani mwalimu, hayo ya juu ni ya bandia?" Darasa zima likanyamaza, likingoja aadhibiwe. Sikumwadhibu. Nilimjibu kwamba nusu milimita ya mbele ni ya bandia, na yote yaliyo nyuma yake ni yangu mwenyewe, na kwamba siku moja nitaeleza. Leo ndiyo siku hiyo.

Nilizaliwa upande wa mashariki wa Mlima Meru, katika nchi ya migomba, kahawa na vijito visivyokauka. Mgeni akifika kwetu husifu maji: ni baridi, na hayana matope isipokuwa wakati wa masika. Sisi watoto tuliyanywa kwa viganja njiani kwenda shule. Hakuna aliyetuambia kwamba maji yale yalikuwa yakiandika katika mataya yetu jambo ambalo lingesomwa miaka mingi baadaye. Wala nyumbani hatukuona ajabu yoyote, maana baba, mama, mwalimu na mwenye duka wote walikuwa na meno ya namna moja.

Ajabu niliiona nilipopelekwa shule ya bweni mkoani Tanga. Usiku wa kwanza mwenzangu mmoja aliniuliza kama kwetu hakuna mswaki. Mwingine akanipa jina la Kutu, nalo likanishika miaka minne. Nikajifunza kucheka nimefunga midomo, na kuzungumza mkono ukiwa mbele ya kinywa. Nilisugua meno kwa majivu, kisha kwa mkaa, na mwisho kwa mchanga laini wa baharini. Fizi zilivuja damu, meno yakaanza kuuma kila nilipokunywa maji ya baridi, lakini rangi haikutoka hata kidogo. Sielezi haya kwa kutaka huruma. Nayaeleza kwa sababu nimeona majivu katika mabafu ya mabweni yetu, nami najua ni ya kazi gani.

Basi kwanza tujue jino ni kitu gani. Sehemu ya jino tunayoiona imefunikwa kwa gamba gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, liitwalo enameli. Kwa uzito, sehemu 96 hivi katika 100 za enameli ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yaliyopangwa katika fuwele ndogo sana. Chini yake ipo dentini, ambayo ni laini zaidi na rangi yake ni ya manjano kidogo, na katikati kabisa umo moyo wa jino wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jambo la kushika ni hili: enameli hujengwa na seli maalumu wakati jino lingali limefichwa ndani ya taya. Jino likitoka ufizini, seli hizo huwa zimekwisha kufa. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatwa hupona, bali enameli ikiondoka haioti tena.

Sasa, seli hizo zikiwa kazini, mtoto akinywa floraidi nyingi, kazi huharibika. Kwa desturi seli huweka protini na madini pamoja, kisha huondoa ile protini ili madini yajae mahali pake. Floraidi ikizidi, protini huchelewa kuondoka, na enameli hubaki na matundu madogo madogo yasiyoonekana kwa macho. Jino hutoka ufizini likiwa na mistari myeupe kama chaki. Baadaye rangi ya chakula na vinywaji huingia katika matundu hayo, nalo likawa la kahawia. Palipo dhaifu sana pakabanduka na kuacha vishimo. Ndiyo sababu mswaki haufai kitu hapa. Uchafu hukaa juu ya jino, lakini rangi hii imo ndani yake. Anayemwambia mtoto wa Meru kwamba hapigi mswaki hajui asemalo.

Enameli ya meno ya mbele ya ukubwani huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache, nayo huwa imekamilika afikapo umri wa miaka 4 au 5. Magego ya nyuma huendelea kujengwa hadi karibu miaka 8, bila kuhesabu gego la mwisho kabisa. Shule yetu ni mahali pazuri pa kulihakikisha jambo hili. Watazameni wenzenu waliotoka Tanga au Mtwara, wakaanza kunywa maji ya huku wakiwa na umri wa miaka 14. Wakae hapa hadi Kidato cha Sita, meno yao hayatabadilika. Yupo mwalimu mwenzangu aliyekuja Arusha mtu mzima, amekunywa maji haya zaidi ya miaka 20, na meno yake bado ni meupe kama tui la nazi. Lakini naye asijisifu mno, kwa kuwa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kuumiza mifupa na viungo.

Floraidi hiyo yatoka wapi? Yatoka mlimani. Mawe ya volkano ya Meru yana florini nyingi, na maji yapitayo ndani yake ni ya magadi na yana kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi na kuituamisha. Ikiwa chache, floraidi husafiri na maji mpaka mtungini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Chini ya Meru vipo vijito na chemchemi zenye zaidi ya miligramu 10, na katika maziwa ya Momella ni mamia. Wala jina la Maji ya Chai lisimdanganye mtu, maana floraidi yenyewe haina rangi, harufu wala ladha. Maji yanayong'aa kama kioo yaweza kuwa nayo nyingi kuliko maji ya tope. Kuyachemsha hakusaidii, huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, tena huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Na magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi, nayo mara nyingi yana floraidi yake.

Si sisi peke yetu tuliopatwa. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi yake katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akashangaa kuona wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitafuta sababu kwa miaka 30. Mwaka 1923 aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, ambako wazazi walisema kwamba madoa yalianza kuonekana kwa watoto wao baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto. McKay aliyapima yale maji asione kitu, lakini akawashauri waiache chemchemi ile. Wakaiacha. Baada ya miaka michache watoto wadogo wa Oakley waliota meno yasiyo na doa. Ilikuwa 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipogundua kwa vyombo vipya kwamba kilichomo majini ni floraidi. Yaani wazazi wa Oakley walijiponya kabla wataalamu hawajajua jina la ugonjwa. Hadithi hii naipenda, na kila mwaka huwasimulia Kidato cha Tatu hata kama haimo katika muhtasari wa masomo.

Lakini mtoto wa Oakley aliyekwisha kuota meno ya kahawia, yeye alifanyiwa nini? Wakati ule, karibu hakuna kitu. Hapa ndipo tunapofika kwenye ganda.

Seremala akitengeneza kabati kwa mbao duni, huweza kubandika juu yake tabaka jembamba la mninga, na mnunuzi akaona mninga mtupu. Tabaka hilo huitwa vinia, na madaktari wa meno wamelichukua jina hilohilo. Vinia ya jino ni ganda la kauri au la rezini, lenye unene wa nusu milimita hivi, wakati mwingine pungufu, linalobandikwa upande wa mbele wa jino. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari mmoja wa California aitwaye Charles Pincus aliwatengenezea wachezaji wa sinema maganda ya namna hiyo. Aliyashikiza kwa unga wa kunatia meno ya bandia, nayo yalikaa muda wa kupigwa picha tu. Mchezaji akitaka kula, huyavua kwanza. Shida ilikuwa gundi, maana jino ni laini kama sahani, na kinywani kuna mate saa zote.

Aliyefungua mlango alikuwa Michael Buonocore, mwaka 1955. Yeye aliona kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforiki kabla ya kutiwa rangi, ili rangi ishike. Akajaribu vivyo hivyo juu ya enameli. Asidi ikala fuwele kidogo kidogo, uso wa jino ukawa na matundu elfu na elfu, na rezini ikiingia matunduni ikakauka, imekwisha kuota mizizi. Mtu akitaka kuona mfano, ajaribu kupiga lipu juu ya ukuta laini, kisha juu ya ukuta uliochongwa kwa patasi. Miaka michache baadaye Rafael Bowen akatengeneza rezini iliyo bora, iliyochanganywa na unga wa kioo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Simonsen na John Calamia wakaonyesha kwamba kauri nayo yaweza kuchimbwa matundu upande wake wa ndani, ili ishikane na rezini kama jino linavyoshikana nayo.

Na je, kauri huchimbwa kwa asidi gani? Kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo wanafunzi wa kemia wanajua kuwa haiwekwi katika chupa ya kioo kwa sababu huila. Ni asidi ya hatari kubwa, nayo ni ya florini ileile. Kitu kilichoharibu meno yangu ndicho kilichosaidia kulishikiza ganda juu yake. Nilipoambiwa habari hii nilicheka, na safari hiyo nilicheka wazi.

Nilikuwa na umri wa miaka 31 nilipokwenda. Daktari wangu alikuwa mama mmoja mpole, mwenye maneno machache. Hakukimbilia kubandika kitu. Kwanza alinisafisha meno, akatibu fizi, akaziba gego moja lililooza, kwani ganda juu ya kinywa kigonjwa ni kupaka chokaa juu ya ukuta unaoanguka. Kisha akanionyesha njia nyingine zilizo nafuu. Doa jepesi huweza kusuguliwa kwa asidi hafifu iliyochanganywa na unga wa jiwe, na daktari, si na mwenye jino. Lipo pia dawa la kung'arisha. Au doa hufunikwa kwa rezini palepale kitini, kwa siku moja, bila kusaga sana, kwa gharama ndogo, ingawa rezini hubadilika rangi na kukatika mapema kuliko kauri. Meno yangu ya chini hayaonekani sana, akasema, basi nisitupe fedha. Ya juu yalikuwa na vishimo virefu na doa zito. Hayo alikubali kuyafunika kwa kauri.

Aliposhika mashine aliniuliza mara ya mwisho. "Mwalimu, nikishasaga hapa hakuna kurudi. Ganda likichakaa utahitaji jingine, na baada ya hilo jingine. Umekubali?" Nilikubali. Lakini yafaa kila mtu asikie swali hilo kabla hajafungua kinywa.

Alisaga upande wa mbele wa kila jino karibu nusu milimita, akijitahidi asiipite enameli, maana gundi hushika vizuri juu ya enameli kuliko juu ya dentini. Akachukua chapa ya meno yangu kwa ute unaoganda kama ugali laini, akanifunika kwa maganda ya muda, nami nikarudi nyumbani kungoja fundi wa kauri. Baada ya majuma mawili yaliletwa maganda sita, membamba kama ukucha. Aliyajaribisha kwanza kwa maji tu, tukatazama rangi kwenye mwanga wa dirisha. Nilitaka meupe sana. Yeye akakataa, akasema nitaonekana nimeuma chaki. Kisha akapaka asidi ya fosforiki. Kwa jino la kawaida, sekunde 15 mpaka 30 hutosha. Kwangu aliiacha muda mrefu zaidi, kwa sababu enameli iliyokunywa floraidi mara nyingi huikataa asidi. Akasuuza, akakausha, akapaka rezini, akaweka ganda, akalimulika kwa mwanga wa buluu, na rezini ikawa ngumu kwa muda mfupi. Ganda kwa ganda, mpaka sita.

Ilinigharimu zaidi ya mishahara yangu ya miezi mitatu. Juma zima nilihisi hewa ya asubuhi ikichoma meno. Mwaka wa nne nilimenya muwa kwa meno ya mbele, kama tulivyozoea utotoni, ganda moja likameguka pembeni. Daktari akalipachika rezini, na anayetazama kwa makini ataona rangi hazilingani. Kauri iliyotiwa vizuri hukaa zaidi ya miaka 10, lakini kwa mtu asiyefungua chupa kwa meno na asiyesaga meno usingizini. Jino lenyewe, nyuma ya ganda, laweza bado kuoza, hasa ukingoni penye ufizi. Mswaki hauna likizo.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike. Muhula uliopita mzee mmoja, baba wa binti yetu wa Kidato cha Kwanza, alikuja ofisini akiwa na mama wa mtoto, aliyembeba kitinda mimba wao mgongoni. Binti alikuwa ameacha kujibu maswali darasani. Tulipomwita alisalimia, "Shikamoo mwalimu," mkono ukiwa mbele ya kinywa, nami nikajiona mimi mwenyewe bwenini Tanga. Mzee akasema, "Mwalimu, nimeona ya kwako. Nina mtamba mmoja. Nimesikia mjini yupo kijana anayebandika meno saluni kwa siku moja, tena kwa bei nzuri. Niuze?"

Nilimwambia asiuze kwa ajili hiyo. Asiyesomea kazi ya meno husaga asipojua enameli imeishia wapi, hubandika gundi asiyoijua, na mwenye jino hubaki na usaha chini ya ganda jeupe. Hata daktari wa kweli hangemsaga binti wa miaka 14. Moyo wa jino katika umri huo ungali mkubwa na upo karibu na uso, na fizi bado hazijatulia mahali pake, hata ganda lililofaa leo lingeacha ukingo wazi kesho. Afadhali apelekwe hospitali ya serikali, daktari atazame kama yale mawili ya mbele yaweza kusuguliwa au kutiwa rezini. Ya kauri, kama bado atayataka, atayaamua mwenyewe akiwa mtu mzima.

Mama alikuwa kimya. Kisha akauliza kitu ambacho mimi na mzee hatukukiwaza: "Na huyu wa mgongoni?"

Alikuwa na umri wa miezi tisa. Meno yake ya mbele ya ukubwani yalikuwa yakijengwa saa ileile tuliyokuwa tukizungumza. Nikawaeleza habari za Oakley. Nikawaambia kwamba maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kwamba pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichoshughulika na kuondoa floraidi majini kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunyakua floraidi maji yanapopita ndani yake, ila ni lazima ubadilishwe ukishashiba. Na kwamba chakula cha mtoto kisitiwe magadi. Dawa ya meno isikatazwe, bali iwe kidogo sana, kama punje ya mchele, na mtoto akikua afundishwe kuitema.

Mtamba uliuzwa hata hivyo. Fedha zilinunua mabati, mfereji wa paa na tangi, na maji ya tangi hilo ni ya kunywa na kupikia uji wa mtoto tu. Kufulia na kuoga ni ya kijitoni kama zamani. Binti alitiwa rezini kwenye meno mawili wakati wa likizo. Si meupe kama alivyotaka, lakini juma la kwanza la muhula huu alinyoosha mkono katika somo la Jiografia, nao mkono huo haukuwa mbele ya kinywa. Mdogo wake ataanza kuota meno ya mbele ya ukubwani akifika miaka 6 au 7. Mama amesema atamleta hapa shuleni siku hiyo, nimtazame.